Kisogo cha Yeyo

Nianze kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenda Buger, na mahali nitakapokosea herufi naomba mpite tu kama mnavyoruka dimbwi. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo kazi yangu ya kuandika ni kuweka majina ya wenye mali kwenye magunia ya vitunguu huku Baray, gunia moja jina moja. Kwa hiyo naandika polepole, na nikichoka naacha, kesho yake naendelea. Nawaandikia hasa ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto nilipokuwa mtoto. Mtu mzima akisikia kwamba niliwahi kungoja kuuawa siku ya Ijumaa atacheka. Ninyi labda mtakumbuka na mambo yenu.

Kilichonichokoza ni harufu. Nilikuwa nimepanda Karatu siku ya mnada kutafuta viatu, nikiwa nimeinama kwenye rundo la mitumba, na mama mmoja wa Kimasai akapita nyuma yangu akimvuta kondoo. Shuka lake lilinukia mafuta ya kondoo na moshi, na chini ya moshi, jasho la mnyama mkubwa ambaye si ng'ombe. Viganja vyangu vililowa papo hapo. Nilisimama katikati ya njia mpaka mwenye mkokoteni akanipigia kelele, "We dada, umeota mizizi?" Nikamfuata yule mama hadi kwenye mbuzi. Alipogeuka hakuwa yeye. Nikamwamkia tu, nikarudi Baray bila viatu.

Nilikuwa namtafuta Yeyo.

Baba yangu alikuwa mpishi kwenye shamba moja la kahawa juu ya Karatu, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Wenye shamba walijenga vyumba vya wageni, kisha wakaleta farasi, ili mgeni akishashuka kreta na kurudi, jioni apande farasi akatize katikati ya mibuni. Sisi tulikuwa watu wa kuja, tumetoka Kilimanjaro. Nyumba yetu ya wafanyakazi ilitazamana na banda la farasi, na njia ya kwenda shule ilipita palepale kwenye uzio wao.

Mimi nilizaliwa mwoga. Mgeni akibisha hodi nilikuwa tayari nyuma ya kanga ya Mama. Lakini uoga wa kuzaliwa nao ni kitu kidogo. Ule mkubwa niliupata asubuhi moja nikiwa na kopo la maziwa mkononi.

Palikuwa na farasi jike wa kijivu, jina lake Mawingu. Alinunuliwa mahali ambako walimpiga sana, na alama za fimbo zilionekana tumboni kama mistari ya daftari. Mtu akimsogelea kwa mbele alipandwa na wazimu. Kaka Exaud, kijana wa Moshi aliyewatunza farasi, aliamua siku hiyo kumwonyesha nani mkubwa. Aliingia na kiboko. Sikuona vizuri kilichotokea, ila nilisikia. Mkono wa Kaka Exaud ulilia kama muwa unapovunjwa gotini. Kisha nikamwona yule farasi amesimama nyuma ya vumbi, akitetemeka, ananitazama mimi.

Tangu siku ile sikuweza kupita pale. Baba alinibeba mgongoni kwenda shule, macho nimefumba, uso nimeuficha kwenye koti lake linalonuka vitunguu. Darasani niliacha kusema. Mwalimu akiita jina langu nilisikia muwa. Nyumbani nilinong'ona na Mama tu, baadaye hata kunong'ona kukaisha. Mama alinipeleka kuombewa, Baba akaninunulia soda. Sauti haikurudi.

Yeyo alifika shambani kuuza shanga. Yeyo ni mama kwa Kimasai, na ndivyo kila mtu alivyomwita. Alitoka Kakesio, mwanamke mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, si mzee wala si kijana. Alipanga shanga zake chini, karibu na uzio, akamwona Mawingu anavyojigonga kwenye mbao. Akaacha shanga, akaenda kwa Meneja.

"Niache nikae naye."

"Ukae naye ufanye nini?"

"Nikae."

Meneja alicheka. Lakini yule farasi alikuwa hasara tupu, na kumwacha mtu akae hakuna gharama. Akamwambia akiumia ni shauri lake.

Kwa Wamasai punda ni mali ya akina mama. Ndiye huwabebea maji, na hata nyumba wakihama. Yeyo alikua na punda tangu anatambaa. Kaka Exaud alipopata habari hiyo hakumwachia. Alikuja na mkono wenye plasta nyeupe umening'inizwa shingoni, akaegemea uzio.

"Mama Punda! Huyo ni farasi, siyo punda. Farasi ana akili."

"Kweli kabisa," Yeyo akajibu bila kugeuka. "Aliona kiboko akajua cha kufanya. Punda angekuvumilia."

Hata Meneja, aliyekuwa akipita, alicheka. Kaka Exaud akatazama plasta yake, akacheka pia, tangu hapo wakawa wanataniana kila siku.

Kazi ya Yeyo haikufanana na kazi. Aligeuza ndoo katikati ya uwanja, akaikalia, akampa Mawingu mgongo, akaanza kutunga shanga huku akivuma wimbo mdomo umefungwa. Basi. Asubuhi hadi wageni wanapokunywa chai ya jioni. Hakumwita wala hakumtazama. Farasi akija nyuma yake alivuma vilevile, akienda alivuma vilevile. Mimi niliona yote kupitia tundu la pazia letu. Siku moja Mawingu alisogea mpaka pumzi yake ikatikisa shuka la Yeyo, na Yeyo hakufanya lolote, akavuta uzi akafunga fundo. Siku nyingine farasi akaweka kidevu begani kwake. Nilidhani anataka kumng'ata shingo. Niliachia pazia nikaingia chini ya kitanda.

Baadaye akaweza kumfunga kamba, kisha hatamu. Kisha akampanda, taratibu, kama mtu anayelala juu ya godoro linalolaliwa na mtoto.

Ndipo likaja lile nililolisikia dirishani. Nilikuwa jikoni kwa Baba, nimekaa chini ya meza ya kukatia mboga, mahali pangu. Nje ya dirisha walisimama Meneja, Baba na Yeyo.

"Ijumaa nampandisha mtu mwingine," alisema Meneja. "Kupandwa na wewe haitoshi, Yeyo, wewe siyo mgeni wangu. Akimwangusha, ni risasi. Siwezi kuuza farasi mbaya kwa mtu, na siwezi kuzika mgeni."

"Atakuwa tayari," Yeyo akasema.

Halafu Baba akakohoa kama anavyokohoa akitaka kuomba kitu.

"Yeyo, na huyu binti yangu. Amekuwa kama huyo farasi wako. Haguswi, hasemi. Naomba na yeye umfanye hivyohivyo."

"Mlete," Yeyo akasema.

Mnaona mtoto alivyosikia. Hivyohivyo! Farasi akishindwa Ijumaa ni risasi, na mimi nimekabidhiwa, tena na baba yangu mzazi, nifanywe hivyohivyo. Nilikaa chini ya ile meza na ganda la karoti mkononi, nikaelewa kila kitu. Nilikuwa nimeelewa vibaya, lakini nilielewa kwa uhakika ambao sijaupata tena ukubwani.

Kesho yake Baba alinishusha mgongoni nje ya uzio, juu ya gunia la pumba, akaondoka upesi. Yeyo alikuwa ndani kwenye ndoo yake. Hakunisalimia. Alizungusha ndoo kidogo, nikadhani anageuka kunitazama, kumbe anaiweka sawa ili na mimi anipe mgongo. Akaanza kuvuma.

Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametuandikisha methali ubaoni: Akupaye kisogo si mwenzio. Tuliinakili kwa mwandiko wa kuunga. Niliitazama ile shingo ndefu yenye shanga, nikajua hapo hapana mwenzangu. Ananichukia. Anamchukia na farasi pia, ila farasi hajasoma methali.

Kila nikitoka shule niliwekwa juu ya lile gunia. Yeyo alivuma, farasi alizunguka, mimi nilitetemeka. Kitu kimoja sikuweza kukifafanua: gunia lilikuwa linasogea. Siku ya kwanza lilikuwa mbali na uzio, na kufikia Alhamisi magoti yangu yaligusa mbao. Nilidhani Yeyo ndiye anayelisogeza kwa uchawi. Nilikuwa ninalisogeza mwenyewe kwa visigino.

Alhamisi hiyo akatema mate.

Alikuwa amemaliza kazi. Alisimama, akashika paji la uso la Mawingu, akasema maneno ya kwao taratibu, kisha akamtemea mate usoni. Si mengi, ni mnyunyizo. Halafu akaja kwenye uzio. Sikuwa na nguvu ya kukimbia. Aliweka mkono kichwani kwangu, akasema maneno yaleyale, nikasikia mate yananinyeshea kwenye nywele.

Sasa lazima niwaeleze kwamba kanisani kwetu, kila karibu na Pasaka, vijana huigiza mateso. Mwenye duka la vipuri alikuwa askari wa Kirumi, na kabla ya kumtwika Yesu msalaba alimtemea mate. Nilikuwa nalia kila mara kwenye sehemu hiyo. Kwa hiyo nilijua mpangilio wa mambo. Kwanza unatolewa na mtu wako wa karibu. Halafu unatemewa mate. Halafu ni Ijumaa.

Usiku ule sikumwamsha mtu. Sauti ya kumwambia Mama nilikuwa sina. Asubuhi nilivaa soksi safi. Shuleni nilimpa jirani yangu wa dawati rula yangu mpya, akanishangaa, "Nirudishe lini?" Nikatikisa kichwa.

Tulipotoka mchana ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni. Ninyi wa huku mnaujua ukungu wa juu ya Karatu, unavyoweza kumeza nyumba ukaacha mlango tu. Siku hiyo Baba alichelewa kunifuata, nikaja na watoto wengine hadi njia panda, kisha peke yangu. Nilijibanza nyuma ya ghala la kahawa. Uwanjani nilimwona Meneja amevaa buti. Kaka Exaud yuko getini, na Mawingu ametandikwa, kichwa kiko begani kwa Yeyo. Meneja akasogea. Ukungu ukapita mbele yao kama shuka linaloanikwa, na wote wakatoweka.

Hapo ukasikika mlipuko.

Leo najua ilikuwa fataki. Walinzi wa mashamba ya jirani walikuwa wakifukuza tembo waliotoka msituni kufuata mahindi. Lakini kwangu mimi mlipuko ulikuwa mmoja tu duniani, nao ulikuwa umepangiwa Ijumaa. Mawingu amekufa. Wa pili ni mimi.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya mibuni, matawi yakinichapa usoni, nikapoteza kiatu, nikaendelea. Sikuchagua njia, mteremko ndio ulionichagulia. Nilipoacha kuteremka nilikuwa chini, kwenye korongo linalogawa shamba na msitu, mahali tulipokatazwa hata kupataja. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mikono yangu niliiona nusu. Nikachuchumaa kwenye mizizi ya mti.

Halafu nikasikia tawi linavunjika. Si kijiti. Tawi. Kimya kikafuata, kisha kitu kama mtu anayeburuta gunia kwenye majani, na tumbo kubwa likaunguruma, karibu, juu ya kichwa changu kidogo. Harufu ikanifikia, ya mavi mabichi na magome. Wale tembo waliofukuzwa kwa fataki walikuwa wanarudi nyumbani kwa kupitia korongo letu. Nilifungua mdomo kumwita Mama. Haikutoka hata hewa.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichosikia baadaye ni kwato. Polepole, kwato na hatua za mtu, na wimbo wa mdomo uliofungwa. Katika ukungu akatokea farasi wa rangi ya ukungu. Nilidhani ni mzuka wake. Mbele yake alikuwa Yeyo, ameshika hatamu kwa vidole viwili. Kaka Exaud alikuwa ameliona sweta langu la shule likipotea kwenye mibuni, akampigia kelele.

Aliniona. Najua aliniona, maana hatua zake zilikatika. Mtu mwingine yeyote angenirukia na kunibeba, na mimi ningepiga ukelele, kwa sababu sauti ya kupiga ukelele ndiyo pekee niliyokuwa ninaihisi inakuja kooni. Na ningekimbia, kuelekea kule matawi yanakovunjika.

Yeyo aligeuka. Akakaa chini kwenye majani mabichi, akanipa mgongo.

Tembo wakavunja tawi jingine nyuma yangu. Niliona masikio ya Mawingu yakisimama, ngozi ya shingo ikirukaruka. Nilimwona na Yeyo pia, nyuma ya shingo yake, jasho linatiririka chini ya shanga, na ilikuwa baridi. Alikuwa anaogopa. Sikuwa nimewahi kujua kwamba kisogo kinaweza kuogopa. Lakini hakusimama, wala wimbo haukukatika.

"Tembo wako hapo chini," alisema kwa sauti ya kuvuma vilevile, kama maneno ya wimbo. "Wanapita tu. Sisi tunakungoja. Nimekupa mgongo ili usinione kama ukuta. Ukiwa tayari."

Wakati huo ndipo methali ya mwalimu ilipoharibika kichwani mwangu. Niliwaza: huyu hawaangalii hata tembo, kwa ajili yangu. Nikatambaa. Nilitambaa kwa magoti mpaka pua yangu ikagusa shuka lake, mafuta ya kondoo na moshi na jasho la farasi, nikaweka kidevu begani kwake.

Hakugeuka bado. Alihesabu pumzi zangu, nadhani. Kisha akasema, "Panda mwenyewe. Yeye naye anaogopa. Mkiogopa wawili, mtaelewana." Akainama, nikakanyaga mgongo wake kama ngazi, nikajishika kwenye manyoya ya Mawingu. Nilihisi moyo wa yule farasi ukipiga kwenye vigimbi vya miguu yangu, kasi kama wangu. Nyuma yetu msitu uliendelea kuvunjika. Tulipanda mteremko hatua kwa hatua, Yeyo mbele, na mimi sikuondoa macho kwenye ile shingo.

Pale getini walisimama wote. Baba alikuwa ameshika kiatu changu kifuani kama sahani ya chakula cha moto.

"Nani amempandisha huyo mtoto?" Meneja akafoka.

"Amejipandisha," Yeyo akasema. "Ijumaa yako ilitaka mtu mwingine. Huyu siyo mimi."

Meneja alimtazama farasi, akanitazama mimi, akavua kofia akaivaa tena.

"Mama Punda," Kaka Exaud akasema taratibu, "leo mimi nimenyamaza."

Mama alinivua nguo zilizolowa mbele ya jiko la mkaa. Sauti ilikuja hapo, yenyewe, kavu kama ya bibi kizee. Nilimuuliza, "Mama, mimi nimeshasulubiwa au bado?"

Aliketi chini na taulo mkononi. Nilimweleza yote, kuanzia chini ya meza ya mboga, mpaka risasi, mpaka mate. Alicheka, akalia, akacheka tena. Baba akasema kwa Wamasai mate ni baraka, wanamtemea hata mtoto mchanga wakimpenda. Mama akanikausha nywele kidogo kidogo, akasema, "Na yule kipofu Yesu alimponya kwa kitu gani? Si mate? Kumbe ulilala siku hiyo ya Sunday school." Kisha akaning'ata sikio, kama alivyozoea zamani.

Yeyo alibaki nasi misimu kadhaa. Mawingu aliwabeba wageni wengi, wakubwa kwa wadogo. Nilianza kupita kwenye uzio kwa miguu yangu mwenyewe, nikisema "Shikamoo, Yeyo," naye akiitikia bila kugeuka. Halafu habari ikaja kwamba mama yake anaumwa Kakesio. Aliaga asubuhi, ndoo akampa Kaka Exaud, aliyekuwa ameshaanza kuikalia. Mimi nilienda mwenyewe mbele yake, nikainamisha kichwa, nikangoja. Akanitemea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kunifanyia: alinitazama usoni, moja kwa moja, kwa muda mrefu, na mimi sikuangalia chini. Sikuosha nywele mpaka Mama alipokasirika.

Hakurudi. Nasikia ndugu zake walihama, wengine wanasema Loliondo, wengine hawajui. Shamba lilibadili wenyewe, farasi wakauzwa. Mimi bado ni mwoga. Wanunuzi wa vitunguu wakija na malori nasimama nyuma ya magunia. Lakini nikiona mtoto mgeni amejibanza kule stoo, najua cha kufanya. Nageuza ndoo.

Sasa naomba jambo moja. Kama unamjua mwanamke wa Kakesio anayekaa na wanyama bila kuwatazama, niandikie kupitia hapahapa uliposoma haya. Na kama humjui, lakini nawe ulikuwa mtoto wa kujificha, ukaelewa kitu vibaya kikakutisha mpaka leo, niandikie hata hivyo. Mwandiko mbaya si kitu, umeshaona wangu. Sitakuharakisha. Nimekaa hapa, nimekupa mgongo. Ukiwa tayari.